Bendi Iliyochaguliwa kwa Makoti

Mpaka leo nikimwona mtu kavaa koti jekundu, hata awe bwana harusi wa watu, damu inanichemka. Mke wangu ananijua. Tukialikwa harusini hunishika mkono mapema na kuninong'oneza, "Tulia, baba. Huyo hana habari na wewe." Ni kweli hana habari na mimi. Lakini mimi nilitolewa kwenye bendi na koti, si na mtu, na hasira ya namna hiyo huna wa kummalizia.

Nilikuwa mpiga tarumbeta pale Kyela, katika bendi ya ushirika. Ushirika wenyewe kazi yake ilikuwa kununua mpunga na kakao, na kwa sababu ambayo hakuna aliyeikumbuka, ulikuwa pia na bendi. Siku za kazi tulipakia magunia, Jumapili mchana tulipiga dansi. Tarumbeta nilifundishwa jeshini, nilipokwenda kujenga taifa, na kusema ukweli ndicho kitu pekee nilichojua kukifanya vizuri. Magunia nilikuwa nayabeba vibaya. Mimi ni mrefu kupita kiasi. Gunia likishakaa huko juu linayumba, na wenzangu wanakimbia.

Mama yangu alikuwa mfinyanzi wa Ikombe, kule mbele ya Matema ambako barabara haifiki, unakwenda kwa mtumbwi au huendi. Alichimba udongo mwenyewe, akauponda, akafinyanga, akachoma, halafu akavipanga vyungu mtumbwini na kuvipeleka mnadani Lyulilo. Zaidi ya hapo hakwenda. Kyela hakuwahi kukanyaga. Alisema vyungu havipendi lori, na yeye vilevile halipendi. Nilipomweleza mara ya kwanza kwamba nimepata kazi kwenye bendi, hata hakuinua macho, aliendelea kukisugua chungu chake.

"Kazi ya kufanya nini?"

"Kupuliza tarumbeta, mama."

"Kupuliza." Akakigeuza chungu upande wa pili. "Unatoka jasho?"

"Natoka."

"Kwa kupuliza? Mimi hapa kila asubuhi napuliza moto, mbona sijawahi kuuita kazi?"

Shangazi zangu, waliokuwa wamekaa pale wanachambua dagaa, walicheka mpaka dagaa wakamwagika. Tangu siku ile pale Ikombe nikawa "yule anayepuliza". Kila nikienda nyumbani, mama ananiandalia chakula, ananitazama nikila, halafu ananiuliza kwa upole kabisa, wala bila dhihaka, kama nimekwisha kupata kazi. Mtu mzima mimi, nina mke na nyumba ya kupanga! Ilikuwa inaniuma, sifichi. Nilitaka jambo moja tu hapa duniani: aje siku moja, akae kwenye kiti, anione jukwaani kwa macho yake mawili.

Basi ikaja miaka ya ruksa. Madukani vikarudi vitu tulivyokuwa tumevisahau: sabuni za kunukia, viberiti vinavyowaka, redio kaseti, na mitumba iliyomwagwa mpaka barabarani. Ushirika ukashindwa kwenda na mambo hayo. Ukafungwa, na mali zake zikapigwa mnada. Tajiri mmoja wa sokoni, mtu wa asili ya pwani, mcheshi, kanzu yake nyeupe hata siku za tope, akaja kununua mizani ya kupimia mpunga. Sasa mizani ile ilikuwa imewekwa fungu moja na spika, magita, drams, tumba na tarumbeta langu. Hukuruhusiwa kuchagua. Akaondoka na mizani, na bendi juu yake.

Mtu mwingine angeviuza. Yeye alivipanga dukani kati ya magunia ya sukari na majaba ya mafuta, akavizunguka siku kadhaa akivigusagusa, halafu akatuita. "Wallahi, Mungu hakosei," alituambia. "Mimi nilifuata mizani, Yeye kanipa muziki." Bendi ya ushirika imekwisha, alisema, tusahau. Sasa litakuwepo kundi jipya, la kisasa, la roki, lenye jina refu linalomalizikia na "Intanasheno". Nje ya nchi tulipopajua sisi ni ng'ambo ya mto Songwe tu, tulikokuwa tukifuata sukari zamani za shida, lakini tulipiga makofi. Mimi nilipiga makofi kuliko wote. Nilitoka pale mbio nikamtafuta dereva wa lori linalokwenda Matema.

"Mwambie mama yangu," nilimwambia, "bendi mpya inazinduliwa Jumapili. Jina jipya, vyombo vile vile, na mimi ndani yake. Aje anione."

Dereva akaondoka na salamu zangu. Na kesho yake tajiri akafungua robota moja la mitumba aliyoinunua kwa ajili ya duka.

Ndani ya robota, chini ya magauni ya wanawake wanene wa Ulaya, kulikuwa na makoti sita mekundu yanayofanana. Vifungo vya dhahabu, kamba za dhahabu mabegani, na mkia mfupi nyuma. Hakuna aliyejua yametoka wapi. Mpiga solo wetu, aliyewahi kufanya kazi hotelini Mbeya, alisema hayo huvaliwa na watu wanaofungulia wageni milango. Tajiri hakutaka kusikia. Kwake yeye ilikuwa ishara: vyombo vimekuja vyenyewe, na sare imekuja yenyewe.

"Hii sasa ni biashara huria," alisema. "Mtu anatazama kwanza, kusikia kunafuata. Koti likikuenea, umo. Lisipokuenea, Mola atakufungulia kwingine."

Tukadhani anatania. Tukacheka. Akafunga mlango wa stoo, akatupanga mstari.

Mwimbaji likamwenea. Mpiga besi likamwenea, na mpiga rizimu pia, maana walikuwa mtu na mdogo wake, wembamba wote wawili. Mpiga drams alipoinua mikono koti likapasuka mgongoni, toka ukosi mpaka kwenye mkia. Tajiri akamzunguka, akafikiri. "Huyu anakaa," alisema. "Mgongo wake uko ukutani. Nani atauona?" Wakamfunga koti kwa kamba nyuma, kama mtoto anavyofungwa kitambaa cha kulia uji, naye akawa yumo.

Ikafika zamu ya mpiga solo. Huyu bwana, toka Tukuyu mpaka ziwani hapakuwa na mtu wa kumfikia kwa gita. Ila alikuwa na tumbo.

"Toa pumzi," tajiri alimwambia.

"Nimekwisha kuitoa, tajiri."

"Itoe tena."

Kifungo kikaruka kikaenda kugonga jaba la mafuta ya kula. Mpiga solo yuko nje. Mpiga tumba naye alikuwa mfupi. Koti lilimfika magotini na mikono ikapotea ndani ya mikono ya koti. "Tumba zinapigwa kwa viganja," tajiri alimwambia kwa huruma. "Vyako viko wapi?" Naye nje.

Halafu mimi. Mikono ya koti ilinikomea kwenye viwiko, na chini ilikomea juu ya kitovu. Tajiri alirudi nyuma hatua, akainamisha kichwa huku na huku kama fundi anayetazama ukuta uliopinda.

"Wewe twiga," alisema, "hilo umevaa koti au sidiria?"

"Tajiri, pale nje kuna mafundi cherehani wanne. Waongeze kitambaa."

"Aah, wapi! Sare ikishaungwaungwa si sare tena. Mtu ataona kiraka, hatasikia tarumbeta."

"Na asipopatikana wa kulipiga hilo tarumbeta?"

"Watu wapo," alisema.

Na kweli walikuwapo. Koti moja akavikwa mpima sukari wa pale dukani, mtu mzima mwenye watoto, mpole, ambaye hata mluzi hakujua kupiga. Likamkaa kama alizaliwa nalo. Akapewa tarumbeta langu. Koti la mwisho akapewa shemeji wa tajiri, aliyekuwa amepita tu kusalimia. Akakabidhiwa gita la solo, akalishika kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake amshikie. "Watajifunza," tajiri alisema. Mimi nikamjibu maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa, nikautia mlango teke nikatoka.

Nje kwenye jua namkuta nani? Dereva wa lori, kaegemea gari lake, anatabasamu. "Salamu zako zimefika," alisema. "Mama anakuja. Na shangazi zako wote. Kasema uwawekee viti vya mbele kabisa, anataka auone huo mdomo unavyofanya kazi. Halafu anakuletea chungu cha kukutunza."

Kwenye dansi, muziki ukimnogea mtu, huinuka akaenda jukwaani akicheza na kumtunza mpigaji: noti, soda, kitambaa, chochote alicho nacho. Mama hakuwa mtu wa noti. Alikuwa akifinyanga chungu kwa ajili yangu, na mimi nimetoka kufukuzwa bendi. Niliketi kwenye ngazi ya duka nikashika kichwa. Dereva akadhani ni furaha, akanipigapiga begani.

Nilifikiria kumtumia habari asije. Lakini ungesemaje? Kwamba mwanao kakataliwa na koti? Ningekuwa kichekesho cha Ikombe mpaka wajukuu. Nilinyamaza, nikawa naomba ziwa lichafuke asipate kuvuka. Ziwa lilitulia wiki nzima kama maji ya ndoo.

Kumbe na tajiri naye alikuwa na yake. Mazoezi yalifanyika dukani na mji mzima ulisikia. Mpima sukari akipuliza, inatoka sauti ya ndama aliyezama kwenye majaruba ya Ngonga. Shemeji alikuwa akikwaruza nyuzi zote kwa pamoja na kuomba radhi baada ya kila wimbo. Wateja walianza kununulia sukari duka la jirani. Jumamosi asubuhi tajiri akatuma mtu atuite sisi watatu, mpiga solo, mpiga tumba na mimi. Alitukaribisha chai ya tangawizi na vitumbua, na hapo nikajua tunaombwa kitu.

"Ndugu zangu," alianza, "makoti sita yatakuwa mbele. Nyinyi mtapiga nyuma ya mkeka."

"Nyuma ya mkeka?" Mpiga solo alisimama. "Kama mizimu?"

"Kama jenereta. Nani huitazama jenereta? Anatazama taa. Wale mbele watacheza na kushikashika vyombo, nyinyi mtapiga kwa vyombo vya akiba. Tarumbeta utarudishiwa lako, twiga, nimekwisha kumpatia mwenzio bovu la kushika."

Nikamwambia mimi si jenereta. Nikamwambia chai yake ina maji. Nilikuwa nimekwisha kufika mlangoni mpiga solo aliponishika mkono. "Mama yako anakuja kesho," alisema taratibu. "Ukikataa hatakuona na hatakusikia. Ukikubali, angalau atasikia." Nilimchukia kwa kusema kweli vile. Nikarudi nikaketi, nikala kitumbua.

Jumapili mchana, kabla watu hawajaingia, mpima sukari alinifuata nyuma ya ukumbi. Alikuwa na aibu, uso umemshuka, vifungo vya dhahabu vinawaka kifuani.

"Kaka, na mimi silipendi jambo hili," alisema. "Nimesikia habari za mama. Tufanye hivi: ule wimbo wako mkubwa ukifika, vaa koti wewe utoke mbele. Mimi nitajificha."

Nilitaka kumkumbatia. Tukaingia nyuma ya magunia tukalijaribu. Mkono wa kwanza uliingia kwa shida. Wa pili ukaingia mpaka kwenye kiwiko ukagoma, na wa kwanza nao ukagoma kutoka. Nikawa nimefungwa mikono nyuma kama mwizi wa ng'ombe. Mpima sukari alivuta, hola. Akaweka mguu kiunoni mwangu akavuta tena, na hapo ndipo tajiri alipotukuta.

"Ala! Mnanichania Intanasheno!"

Ilibidi wanipake sabuni ya maji kwenye viwiko ndipo nikachomoka. Tajiri akalifuta koti kwa kitambaa chake mwenyewe huku akilisemesha pole. Kisha akanionyesha mkeka kwa kidole, na mimi nikaenda.

Ukumbi ulikuwa lile lile godauni la ushirika nililobebea magunia vibaya. Bati juu, dirisha hakuna, na nje ni joto la Kyela la wakati wa masika, lile la kukufanya uzichukie hata nywele zako. Mkeka wenyewe ulikuwa wa matete, umetundikwa kwenye kamba, na haukufika chini. Ulikomea kwenye magoti yetu. Nilimwambia tajiri miguu itaonekana. Alisema hakuna aliyelipa kiingilio aje kutazama sakafu. Kule nyuma hapakuwa na hewa kabisa. Kabla ya wimbo wa kwanza kwisha, sote watatu tulikuwa tumevua mashati.

Kati ya matete kulikuwa na upenyo. Nikachungulia. Kiti cha mbele kabisa, katikati, alikuwa ameketi mama yangu.

Shangazi zangu walikuwa kulia na kushoto kwake, vitenge vyao vya sikukuu, wamebana mikono kama watu walio kanisani. Mama alikuwa na khanga begani na chungu mapajani. Macho yake yalianza upande wa kushoto wa jukwaa, yakapita koti moja moja mpaka kulia, yakasimama, yakarudi tena koti moja moja mpaka kushoto. Akamwinamia shangazi mkubwa, akamwambia neno. Shangazi akatikisa kichwa. Mama akalitazama lile jukwaa mara ya tatu, halafu akainamisha uso akawa anakitazama chungu.

Sijui niseme vipi. Nilikuwa karibu naye kuliko siku zote za kazi yangu, ningenyoosha mkono ningemgusa, na yeye anadhani nimemdanganya. Mpiga solo aliona nilivyo, akanikanyaga mguu. "Puliza," alisema. "Acha kulia, puliza."

Nikafumba macho nikapuliza.

Ukumbi uliinuka. Mungu wangu, watu walicheza! Mpima sukari kule mbele alijaza mashavu na kuyumbayumba, na alikuwa anayajaza hata mahali nisipopuliza, lakini nani alijali. Tajiri alisimama mlangoni kafungua mikono kama anayepokea wageni wa hija. Watunzaji wakaanza kupanda jukwaani. Shemeji alibandikwa noti kwenye paji la uso, akaanza kupiga gita kwa mgongo wa mkono kwa furaha. Mpiga solo aliliona hilo kupitia upenyo. "Anatunzwa kwa vidole vyangu!" alikuwa akinong'ona kwa uchungu. "Jamani, vile ni vidole vyangu!"

Kilichofuata mimi sikukiona, kwa sababu nikipuliza sehemu nzito hufumba macho. Mpiga solo ndiye aliyenisimulia, na amenisimulia mara nyingi.

Mama aliinuka. Akakiweka chungu kichwani, akaanza kwenda jukwaani akicheza polepole, shangazi nyuma yake na vigelegele. Alikuwa ameamua kwamba, kama mwanawe hayupo, basi amtunze huyo aliyepo na tarumbeta, maana chungu kilikuwa kimekuja kwa ajili ya tarumbeta. Alipofika mbele ya mpima sukari akakishusha, akakishika kwa mikono miwili.

Mpima sukari ni mtu aliyelelewa. Kwetu hupokei kitu cha mama wa mtu umesimama, na mkono mmoja umeshika jambo jingine. Alilishusha tarumbeta akaliweka sakafuni. Akapiga magoti. Akanyoosha mikono yote miwili akashukuru kwa lugha ya kwetu, "Ndaga, mama. Ndaga fijo."

Na tarumbeta linaendelea kulia.

Tena pale ndipo palipokuwa patamu. Mimi nilisikia tu ukumbi umenyamaza ghafla, nikadhani nimewagusa mioyo, nikaongeza pumzi. Mwimbaji akaacha kuimba. Besi ikaacha. Mpiga drams, akitaka kuona kuna nini, akageuka, na kila mtu akauona mgongo wake ukiwa wazi na zile kamba. Hapo kicheko kikalipuka, na bado mimi napuliza, peke yangu.

Mama hakucheka. Hakukitoa chungu pia. Alisimama kasikiliza, akatazama lile tarumbeta lililolala sakafuni, akatazama mkeka, kisha akainama, mkono kiunoni, akatazama chini yake.

"Hiyo miguu," alisema, na sauti ya mama yangu inavuka maji kutoka mtumbwi hadi mtumbwi, "hiyo miguu nimeizaa mimi."

Akaushika mkeka kwa chini akaukunja kwenda juu, kama anavyokunja wake nyumbani akiamka asubuhi.

Nilipofumbua macho, naona watu mia na kitu wananitazama. Mpiga tumba alikuwa kakumbatia tumba kifuani kwa aibu. Mpiga solo gita lake lilikuwa limelala juu ya tumbo kama juu ya meza. Na mimi hapo kati yao, kifua wazi, mbavu zote zinahesabika, natiririka. Tajiri alikuja mbio kanzu kaishika mkononi.

"Mama! Mama yangu! Huko usiende, huko ni jikoni!"

"Jikoni ndiko nilikozoea," mama alimjibu. "Nimetoka Ikombe kuja kuona. Niache nione." Akanigeukia. "Wewe, endelea."

"Mama, mimi..."

"Nimesema endelea."

Nikaendelea. Nilipiga peke yangu kidogo, halafu mpiga solo akaingia, tumba zikaingia, na mwisho hata wale wa makoti waliojua kupiga wakaja wakajiunga. Mama alisimama hatua moja kutoka nilipo. Aliutazama mdomo wangu, mashavu, mishipa ya shingo, bila kupepesa, vile anavyokitazama chungu kikiwa ndani ya moto. Hakucheza. Wala hakutabasamu. Wimbo ulipokwisha alivua khanga begani, akanifuta uso, akanifuta shingo, akanifuta kifua na mgongo, mbele ya mji mzima wa Kyela, kama nina miaka mitatu.

Kisha akaishika khanga kwa mikono miwili akaikamua. Maji yakatoka, yakadondoka kwenye sakafu ya godauni.

"Kumbe kweli," aliwaambia shangazi zangu. "Anatoka jasho."

Shangazi mkubwa akaja akaigusa khanga, akanusa vidole, akakubali kwa kichwa. Ndipo mama akakiweka chungu chini, mbele ya miguu yangu.

Tajiri alinifukuza jioni ile ile, kwa adabu, na kitumbua mkononi. Alisema nimemharibia mandhari. Mpiga solo na mpiga tumba waliondoka nami. Tarumbeta lilibaki dukani kwa sababu lilikuwa lake, na muda si mrefu alimuuzia mtu wa ng'ambo ya Songwe. Intanasheno iliendelea wiki chache, ikawa inapiga kwa kaseti. Baadaye nilisikia makoti yale yamerudi mitumbani. Mimi nikaenda kulima mpunga kwa wakwe zangu Ndandalo, na sikupata bendi nyingine maisha yangu yote.

Mama sikumwambia kwamba nimefukuzwa. Mwanzoni nilikosa nafasi, halafu nikakosa moyo, maana tangu Jumapili ile hakuniuliza tena kama nimekwisha kupata kazi. Alilolitafuta alikuwa ameliona, na Ikombe nzima ilikuwa imekwisha kuambiwa. Nikishuka kwenye mtumbwi, mtu wa shamba na viganja vyenye tope, yeye huviacha vyungu vyake, huja hadi majini kunipokea mzigo, na hunitazama mdomo kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

"Pole na kazi, mwanangu," husema.

Nami humwitikia, "Asante, mama."